Android au iPhone? Amua kabla hujapanda gari la Uvira

Ukitafuta simu ya kugusa ukiwa Makobola, utakutana na makundi mawili tu. Kuna Android, yaani Tecno, Itel, Infinix, Samsung na Redmi. Halafu kuna iPhone ya Apple. Mengine yamebaki historia. WhatsApp iliziacha Windows Phone mwishoni mwa 2019. Simu za vitufe za KaiOS, kama zile Sanza za Orange, nazo zikafuata mwaka 2025. Ukiuziwa moja ya hizo kwa bei ya kutupa, mwachie mwenyewe.

Jibu langu nalitoa mapema. Kama unaishi hapa na unanunua kwa jasho lako, chukua Android. iPhone ipokee ukiletewa, tena kwa masharti. Nitakueleza yote mawili.

Anza na laini zako. Watu wengi wa huku wana laini mbili, kwa sababu rezo inayoshika Makobola siyo lazima ishike Mboko au Baraka. Android nyingi za bei ya kawaida zina nafasi mbili za kadi ya SIM. iPhone nyingi zina nafasi moja, na laini ya pili ni eSIM, ile isiyo na kadi, iliyoanza na iPhone XS na XR mwaka 2018. Muulize wakala wa mtandao wako kama anaweza kukuwekea eSIM. Akisita, hesabu kwamba iPhone hiyo kwako ni ya laini moja.

Usichague simu kwa ajili ya pesa za simu. M-Pesa ya Vodacom unaifungua kwa *1122#, Airtel Money kwa *501#, Orange Money kwa *144#. Namba hizo zinafanya kazi kwenye simu yoyote, hata ya vitufe, bila mega. Muuzaji akikuambia simu fulani ni nzuri kwa sababu ina programu ya pesa, hajakuambia kitu.

Fikiria nyimbo na video zako zinatoka wapi. Kama kwaya yenu inapeana nyimbo kwa Bluetooth, au unapeleka kadi ya memori kwa kijana mwenye kompyuta akujazie, iPhone itakufungia mlango. Haina nafasi ya kadi ya memori na haipokei faili kwa Bluetooth kutoka kwenye Tecno ya mwenzako. Android inakubali vyote viwili, ila hakikisha nafasi ya kadi ipo kweli, maana baadhi ya Android mpya hazina.

Programu nazo husafiri hivyohivyo. Kwenye Android, mwenzako aliyekwisha kupakua programu anaweza kukurushia kwa Xender, programu ya kurushiana faili, na ukaiweka bila kumaliza mega zako. Kwenye iPhone kila kitu kinapitia App Store, kwa intaneti yako mwenyewe. Lakini pokea programu kwa mtu unayemjua tu. Programu ya kurushiwa na mtu wa sokoni inaweza kuwa imebeba wizi ndani, na simu yako ndiyo yenye laini ya M-Pesa. Usicheze na hilo.

Umeme ni jambo la kupima kwa uzito. Kama unachaji kwa sola, yako au ya kulipia, betri kubwa ni akiba ya pesa. Android za siku hizi, hata za bei ndogo, mara nyingi zina betri ya 5000 mAh. iPhone 8 ina 1821 tu, na ikiwa imetumika miaka kadhaa hata hizo hazijai. Utaichaji asubuhi, jioni itakuwa imezima.

Kabla ya kulipa, pitia kwa fundi. Muulize fundi wa Uvira au Baraka: kioo cha simu hii ninakipata hapa, kwa bei gani? Akisema lazima kiagizwe Bujumbura, ongeza gharama hiyo kwenye bei ya simu kichwani mwako. Tecno, Itel na Samsung za kawaida ndizo salama zaidi kwa jambo hili.

Sasa tuje kwenye boksi, maana hapa ndipo watu wanapigwa sana. Boksi limeandikwa kwa maandishi makubwa: 8GB. Geuza, soma maandishi madogo. Mara nyingi utakuta 4GB na 4GB. Nne za kwanza ni RAM ya kweli, yaani kumbukumbu ambayo simu hufanyia kazi. Nne za pili ni nafasi ya kuhifadhi iliyoazimwa ili isaidie RAM, na kasi yake haifanani kabisa na ile ya kweli. Wewe lipa bei ya simu ya 4GB. Na usishuke chini ya hapo kama unataka WhatsApp, Facebook na kamera zifanye kazi bila kukwama. Pesa ikibana, simu ya 2GB yenye Android Go inaweza kukusogeza, ukikubali kuwa mvumilivu na kutumia Facebook Lite.

Usiishie kwenye boksi. Fungua mipangilio, nenda kwenye habari za simu, usome toleo la Android. Chini ya 10, iache. Kisha piga *#06#. Namba ya IMEI itakayotokea lazima ilingane na ya kwenye boksi. Isipolingana, simu na boksi havikuzaliwa pamoja.

Ukiwa na pesa ya ziada kidogo, ongeza upate Samsung yenye ahadi ndefu ya masasisho. Galaxy A16 iliyotoka 2024, kwa mfano, imeahidiwa miaka sita. Simu ya namna hiyo WhatsApp na programu nyingine haziiachi mapema.

Kwa simu ya mkono wa pili, mwenye nayo aondoe akaunti yake ya Google mbele ya macho yako, kisha aifute simu yote na kuiwasha upya. Ikiwaka ikadai akaunti ya mtu mwingine, hujanunua simu bado.

Haya, iPhone. Familia nyingi za Fizi zina ndugu aliyepitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, leo yuko Marekani. Siku moja anapiga: nakutumia iPhone. Mshukuru sana, halafu mwombe akague mambo matatu kabla hajaifunga kwenye mzigo. Kosa moja hapa haliponi ikishavuka bahari.

La kwanza ni toleo. iPhone 5s na 6 zilikatwa na WhatsApp mwaka 2025. Mwambie atafute iPhone 11, 12 au 13. Usimruhusu akuletee 14 au mpya zaidi iliyouzwa kule, hata ikiwa ya bei nzuri, kwa sababu kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022, zile zinazouzwa Marekani hazina kabisa tundu la kadi ya SIM. Kadi yako ya Airtel itabaki mkononi.

La pili ni kifungo cha kampuni. Simu nyingi za kule huuzwa kwa mkopo na hufungwa kwenye mtandao mmoja mpaka deni liishe. Mwambie afungue Settings, General, About, atafute mstari wa Carrier Lock. Lazima usome No SIM restrictions. Akutumie picha ya mstari huo. Ukiona maneno mengine, alipie deni na kuifungua kwanza.

La tatu ni akaunti. Atoke kwenye Apple ID yake na kuzima Find My kabla ya kutuma. Asipofanya hivyo, simu itakudai nywila yake, na hakuna fundi wa Uvira wala wa Kinshasa atakayeifungua kwa njia halali. Ikifika, fungua Apple ID yako mwenyewe. Usitumie ya ndugu yako hata kama anakubali, picha na namba zenu zitachanganyika.

Ukiuziwa iPhone sokoni, gusa alama ya App Store. Ikikufungulia Play Store, hiyo ni Android iliyovishwa nguo ya iPhone.

Jambo moja la nyumbani: Android inaweza kuwekwa menyu yote kwa Kiswahili, wakati kwenye iPhone utasoma Kifaransa au Kiingereza. Kama simu ni ya mama, hilo peke yake linatosha kuamua.

Ukihama upande mmoja kwenda mwingine, linda mazungumzo yako ya WhatsApp. Nakala ya Android hukaa Google na ya iPhone hukaa iCloud, na hazisomani. Kutoka Android kwenda iPhone tumia programu ya Move to iOS, iPhone ikiwa mpya au imefutwa yote. Fanya kazi hiyo kabla hujauza simu ya zamani. Ukishaiuza, sauti za watoto na picha za harusi zimekwenda nayo. Kumbuka pia nafasi ya bure: Google inakupa GB 15, Apple GB 5.

Simu mpya ikishakuwa mkononi, kabla ya yote zima data ya roaming. Sisi tuko ufukoni, na ng'ambo ya ziwa ni Burundi. Simu inaweza kushika mtandao wa kule bila wewe kujua, na salio likayeyuka. Halafu ingia WhatsApp, zima upakuaji wa picha na video wa moja kwa moja. Kwenye Play Store au App Store, weka masasisho yasubiri Wi-Fi.

Siku ya kununua nenda na kadi zako zote mbili za SIM mfukoni. Ziweke kwenye simu palepale dukani, angalia kama 4G inatokea, piga simu moja, fungua ukurasa mmoja wa intaneti, jaribu kamera, sikiliza spika. Muuzaji akikukataza kujaribu, rudisha pesa mfukoni uende duka la pili.