Upupu: Mmea Unaofaa Kutambuliwa Ungali Mbichi

Mtu akiingia kichakani wakati wa kiangazi kukata fito, akatoka mbio akijikuna shingo na mikono, hapana haja ya kumwuliza amekutana na nini. Upupu wajulikana na watu wote, lakini walio wengi huujua kwa ngozi, si kwa macho. Ukiwa mbichi hupita karibu nao bila kuutambua, na huo ndio wakati wa kuung'oa.

Upupu ni jamaa ya kunde na maharagwe. Wataalamu huuita Mucuna pruriens, na neno la pili ni la Kilatini, maana yake "wenye kuwasha". Hauna shina gumu la kusimama peke yake, wala vikono vya kushikia kama mboga; shina lenyewe hujizungusha juu ya mti au ua wa shamba, hata likaweza kupanda mita 10 na zaidi. Majani hutoka matatu matatu katika kikonyo kimoja. Lile la kati limelingana pande zote, bali yale ya kando yana upande mmoja mpana kuliko wa pili. Maua yake, ambayo mara nyingi ni ya zambarau, huning'inia kwa vishada. Kisha huja maganda yapatayo urefu wa kidole, yamepinda mfano wa herufi S, yamevikwa malaika mekundu ya kupendeza kama mahameli.

Ukali umo katika malaika hayo. Ganda likikauka, hukatika kwa kuguswa kidogo tu, yakaingia ngozini. Mwaka 1955 wataalamu Shelley na Arthur walieleza kwamba yana kitu chenye kuvunja protini, kiitwacho mukunaini. Ni cha namna moja na kile kilichomo katika utomvu wa papai, ambao wapishi hulainishia nyama ngumu. Joto kali hukiondolea nguvu, kwa hiyo nguo zilizopatwa na zichemshwe. Mwenye kujikuna huyasukuma malaika ndani zaidi. Ni heri ayabandue kwa kitu chenye kunata, ndipo aoge. Sisi tuliolala mabwenini twaujua utani wa kumwagia mwenzako upupu kitandani. Tulicheka sana, nasi hatukujua kwamba malaika yakiingia jichoni yaweza kulidhuru vibaya.

Mbegu nazo zina habari yao. Mwaka 1937 wataalamu wa Uhindi walitoa ndani yake kitu kiitwacho levodopa, ambacho tangu miaka ya 1960 ni dawa kuu ya ugonjwa wa kutetemeka uitwao Parkinson. Lakini dawa hupimwa, na chungu cha jikoni hakipimi. Huko Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, watu wakati wa njaa huzila mbegu hizo baada ya kuzichemsha na kumwaga maji mara nyingi. Mwaka 1989 chakula kilikuwa haba, na wengi waliozila walirukwa na akili kwa muda.

Iko aina nyingine isiyowasha, ambayo wakulima huipanda ili kufunika magugu na kurutubisha udongo. Ule wa porini mwenye shamba na autafute baada ya mvua, kabla maganda hayajakomaa, aung'oe pamoja na mizizi. Akichelewa hata maganda yakauke, asiuguse siku ya upepo, na watoto wakae mbali.