Soma Kwanza, Hubiri Baadaye: Mbinu za Kufaulu Kozi ya Biblia na Theolojia

Kazi yangu ya kwanza katika kozi ya theolojia ilirudi ikiwa na maneno mawili ya kalamu nyekundu: "Umehubiri. Hujasoma." Tulikuwa tumepewa Waraka wa Paulo kwa Filemoni. Nilijaza kurasa nne kuhusu msamaha, nikautaja waraka wenyewe mara mbili tu. Mkufunzi alikuwa sahihi, na maneno yale mawili yamenifundisha kuliko vitabu vingi nilivyosoma baadaye.

Wengi wanaojiunga na kozi hizi tayari ni watumishi: wainjilisti, wazee wa kanisa, walimu wa shule ya Jumapili, viongozi wa jumuiya. Wamezoea kusimama mbele ya watu wakiwa na aya moja na moyo uliojaa. Kozi inawadai kitu kingine, nacho ni kuliacha andiko liseme hadi mwisho kabla ya wao kufungua kinywa. Mbinu zifuatazo zinaelekea huko. Nitautumia waraka uleule wa Filemoni kama zoezi, kwa kuwa una aya 25 tu na unaweza kuusoma ukisubiri chai ichemke.

1. Kabla ya kulipa ada, uliza

Uliza kwanza ni nani anayekitambua cheti utakachopewa. Kwa Tanzania, shahada za vyuo vikuu zinasimamiwa na TCU, na cheti na stashahada za vyuo vya kati zinasimamiwa na NACTVET. Kwa Kenya, vyuo vikuu viko chini ya tume ya CUE. Kozi nyingi nzuri za kanisa hazimo katika mfumo huo. Cheti cha kozi hizo kinaweza kutosha kwa huduma ndani ya dayosisi yako, kisikubalike unapoomba nafasi ya shahada. Hakuna ubaya, ila ujue mapema. Muulize mchungaji wako, na ukiweza upate jibu la maandishi.

Kisha uliza vitabu viko kwa lugha gani, na kama kuna kikundi cha kukutana nacho. Mtu anayesoma peke yake, kwa lugha asiyoimudu, baada ya siku nzima ya kazi, huacha njiani hata kama nia yake ni njema.

2. Kaa juu ya mafiga matatu

Mwaka 1963, seminari ya Wapresbiteri nchini Guatemala iliona kwamba viongozi wa makanisa ya vijijini hawawezi kuacha mashamba na familia zao kwenda kukaa bwenini. Ikaamua masomo yawafuate walipo. Huo ndio mwanzo wa elimu ya theolojia kwa njia ya enezi, ambayo leo makanisa mengi ya Afrika Mashariki yanaitumia.

Jiko la mfumo huu lina mafiga matatu: kitabu unachosoma nyumbani, kikundi mnachokutana kila wiki, na huduma unayoifanya kanisani. Ukiondoa figa moja, chungu kinamwagika. Anayesoma kitabu bila kikundi huzunguka katika mawazo yake mwenyewe. Anayehudhuria kikundi bila kusoma huja kusikiliza hadithi. Aliye na vyote viwili bila kuhudumu husahau alichojifunza kabla ya mtihani.

Weka ratiba ambayo nyumba yako inaijua. Saa moja kwa siku nne ni bora kuliko saa nne za Jumamosi, kwa sababu somo la Biblia linahitaji kulala nalo na kuamka nalo. Wengine huamka saa kumi na moja alfajiri, wengine hungoja saa tatu usiku watoto wakishalala. Chagua moja, waambie wa nyumbani, na simu ikae chumba kingine.

3. Soma kitabu kizima, tena kwa sauti

Namba za aya hazikuwako waandishi walipoandika. Zile za Agano Jipya tunazotumia leo ziliwekwa na mchapaji Mfaransa Robert Estienne mwaka 1551. Zinatusaidia kutafuta, lakini zimetuzoesha kuchuna aya moja moja kama majani ya mchicha.

Chukua Yeremia 29. Aya ya 11 imebandikwa kwenye kuta na kwenye kadi za mahafali, ikitumainisha mtu mmoja mmoja kuhusu mipango myema ya Mungu. Ukisoma barua nzima unakuta iliandikwa kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli, na aya inayotangulia inawaambia kwamba watangoja miaka 70. Wengi waliosikia barua ile wangezikwa ugenini. Tumaini linabaki, ila sasa lina uzito wake wa kweli.

Basi soma Filemoni mara tatu. Mara ya kwanza bila kalamu. Mara ya pili, zungushia jina la kila mtu. Mara ya tatu, jiulize mwandishi anaomba nini hasa. Soma kwa sauti, maana Paulo hakumwandikia Filemoni peke yake. Anawasalimu pia Afia, Arkipo na kanisa linalokutana katika nyumba ya Filemoni. Ombi kuhusu Onesimo, mtumwa wa Filemoni, liliwekwa mbele ya ushirika wote. Ukiyajua hayo, waraka unabadilika mikononi mwako.

Fanya vivyo hivyo kwa vitabu virefu. Injili ya Marko ina sura 16, na unaweza kuisoma yote kwa sauti chini ya saa mbili.

4. Tenganisha kilichoandikwa na ulichosikia

Gawa daftari lako kurasa mbili mbili. Upande wa kushoto andika yaliyomo katika andiko tu. Upande wa kulia andika mawazo yako, maswali, na yale uliyosikia mimbarani. Kisha pita kwa maswali matatu, na mpangilio wake usiuvunje: Andiko linasema nini? Lilimaanisha nini kwa waliolipokea kwanza? Linatudai nini sisi?

Kwa Filemoni, ukurasa wa kushoto utakuwa na mambo kama haya: Paulo yuko kifungoni. Anajiita mzee. Anasema angeweza kuamuru, lakini anachagua kusihi. Anamwita Onesimo mwanawe. Jina Onesimo kwa Kiyunani lina maana ya mwenye manufaa, na katika aya ya 11 Paulo anacheza na maana hiyo. Anaahidi kulipa deni, na ahadi hiyo anaiandika kwa mkono wake. Mwishoni anaomba aandaliwe mahali pa kufikia.

Sasa tafuta panapoandikwa kwamba Onesimo alitoroka. Hutapaona. Yohana Krisostomo, mhubiri mkubwa wa karne ya nne, alifundisha kwamba alitoroka, na wengi wetu tumelipokea hilo kama sehemu ya waraka. Huenda ni kweli. Lakini wapo wataalamu wanaofikiri Onesimo alimwendea Paulo kwa makusudi, ili awe mpatanishi kati yake na bwana wake. Hoja zote mbili ziende ukurasa wa kulia. Mwanafunzi anayeweza kusema "hili limeandikwa, na hili ni maelezo" amekwisha kuvuka nusu ya safari.

5. Weka tafsiri mbili mezani

Tuna bahati ya kuwa na tafsiri kadhaa za Kiswahili. Union Version ya mwaka 1952 ndiyo wengi tuliyokariri. Biblia Habari Njema ilikuja baadaye kwa Kiswahili cha kawaida zaidi. Kabla ya hizo, Karl Roehl alitoa Biblia nzima mwaka 1937, akijitahidi kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu.

Fungua Warumi 1:1 katika mbili za kwanza. Moja inamwita Paulo mtumwa wa Kristo, nyingine mtumishi. Neno la Kiyunani ni lilelile, doulos, na ndilo linalotumika kwa Onesimo katika aya ya 16 ya Filemoni. Watafsiri walilazimika kuchagua, na kila chaguo lina gharama. "Mtumishi" linasikika vizuri kanisani, lakini linafuta aibu ambayo Paulo aliikubali kwa hiari. "Mtumwa" linauma, hasa kwa msikilizaji wa pwani ambaye babu zake walijua maana yake.

Panapotofautiana tafsiri, simama. Hapo ndipo pa kufungua itifaki (orodha ya maneno ya Biblia na mahali yanapopatikana), kamusi ya Biblia na kitabu cha maelezo. Vitabu hivyo vije baada ya kusoma andiko mwenyewe. Ukivianza kwanza, vitafikiri badala yako.

6. Usiyafungie masomo katika makapu tofauti

Kozi itakupa masomo ya Biblia, historia ya kanisa, mafundisho ya imani, na theolojia ya vitendo, kila moja na siku yake na mtihani wake. Kazi yako ni kuyakutanisha, kama hivi kwa Filemoni.

Katika Biblia, Onesimo anatajwa tena Wakolosai 4:9, na Kumbukumbu la Torati 23:15-16 inakataza kumrudisha mtumwa aliyetoroka kwa bwana wake. Paulo, aliyeijua Torati, anamtuma Onesimo arudi. Kwa nini? Swali hilo litakukosesha usingizi, na linafaa.

Katika historia, Wamarekani waliotetea utumwa katika karne ya 19 waliutumia waraka huu kuunga mkono kurudishwa kwa watoro, na wapinga utumwa wakaukataa usomaji huo. Kwetu, soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Pale Mkunazini likajengwa kanisa kuu chini ya uongozi wa Askofu Edward Steere, yuleyule aliyesimamia tafsiri ya Agano Jipya kwa Kiswahili cha Unguja. Mombasa, makazi ya Freretown yalianzishwa miaka ya 1870 kwa ajili ya walioachwa huru. Hapo ndipo mwaka 1903 kilipoanza chuo cha theolojia kilichohamia Limuru mwaka 1930, ambacho leo ni St. Paul's University. Elimu ya theolojia katika nchi zetu ina mizizi kwenye udongo huohuo wa minyororo iliyokatwa.

Katika mafundisho ya imani, uliza: ikiwa Paulo anajitwika deni la mwingine ili wawili wapatane, tunajifunza nini kuhusu upatanisho? Kanisa ni nini, ikiwa bwana na mtumwa wanaketi meza moja ya Bwana?

Katika vitendo, angalia nyumbani kwako. Dada anayekusaidia kazi za nyumba, mnapokaa kwa ibada ya jioni, anaketi pamoja nanyi au yuko jikoni?

7. Katika kikundi, uliza: "Umeliona wapi?"

Swali hili, likiulizwa kwa upole, huokoa kikundi. Kiongozi wa kikundi asigeuke mhadhiri, kazi yake ni kuwarudisha watu kwenye andiko. Mzee anayejua mengi asubiri kijana amalize. Kikundi kikiwa na madhehebu tofauti, zizungumzieni tofauti mapema na kwa heshima. Kwa mfano, Biblia ya Wakatoliki ina vitabu 73 na ya Waprotestanti 66, na sababu zake ni somo la kusomwa kwa utulivu.

8. Andika kazi yako kama shahidi

Kazi ya kozi ijibu swali lililoulizwa. Andika jibu lako kwa sentensi moja kabla ya kuanza. Ukishindwa, rudi kwenye daftari. Kila dai liegemee aya au mwandishi unayemtaja kwa jina. Kunakili kazi ya mwenzako, au kuiachia simu ikuandikie, ni wizi, na kwa anayejiandaa kufundisha ukweli ni jeraha kubwa zaidi. Maliza siku mbili kabla, mtu mwingine akusomee kwa sauti, kisha sahihisha.

Tenga pia kurasa za mwisho za daftari kwa istilahi: umwilisho, kuhesabiwa haki, utakaso, kristolojia, eskatolojia. Kila neno lipe maelezo ambayo mama yako angeyaelewa. Kama huwezi, bado hujalielewa.

9. Ukikutana na jambo la kukutikisa

Litakuja. Labda utasoma kwamba Marko 16:9-20 haimo katika nakala mbili za kale zenye heshima kubwa, Sinaiticus na Vaticanus, zote za karne ya nne. Usilifiche, wala usilitangaze mimbarani Jumapili inayofuata. Lipeleke kwa mkufunzi, soma maelezo ya pande zote, na uendelee kuomba. Imani iliyouliza swali na kungoja jibu ina mizizi kuliko ile iliyoogopa kuuliza.

10. Anza jioni hii

Usingoje kitabu cha somo la kwanza kifike. Jioni hii mwite mtu mmoja wa nyumbani, msome Filemoni kwa sauti mara tatu, kisha andika ukurasa mmoja wa yale tu yaliyoandikwa. Wiki ijayo fanya hivyo kwa kitabu cha Ruthu, chenye sura nne. Ukifika darasani na kurasa hizo mbili, utakuwa umeanza kozi tayari. Na siku utakaposimama tena mbele ya washarika, utawapa walichokuja kukisikia: Neno lenyewe, lililosikilizwa kwanza na anayelihubiri.