Dakika Kumi za Mwisho Chomboni

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Huenda mtashangaa kuona mwanafunzi wa Mkiwa akiandika habari za meli. Hapa kwetu maji makubwa tuyaonayo ni yale ya Singidani na Kindai, nayo twayaona tupitapo Singida mjini tu. Wenzangu wengi wa bwenini hawajapata kukanyaga sitaha. Lakini shule ya bweni hukusanya watu wa kila pembe, na mimi nyumbani kwetu ni Ukerewe, kisiwani, katika Ziwa Victoria. Kila likizo hupanda basi hapa Mkiwa, tukapita Singida, Igunga, Nzega na Shinyanga mpaka Mwanza, kisha hupanda chombo mpaka Nansio. Shule ifunguliwapo hurudi kwa njia ile ile.

Katika safari hizo nimejifunza jambo moja ambalo si watu wengi walifikirio. Abiria huogopa kuzama wakiwa katikati ya ziwa, palipo na upepo na mawimbi. Waionapo nchi kavu huiacha hofu, wakasimama wote, wakachukua mizigo yao na kusongamana upande wa gati. Saa ile ndiyo ya kuogopwa.

Sitajificha, nami nilikuwa mmoja wao. Januari mwaka jana nilikuwa nikirudi shuleni. Chombo tulichopanda kilikuwa kimejaa watu, magunia ya dagaa na mikungu ya ndizi. Tulipoona majengo ya Mwanza nilianza kuwaza basi la Singida, maana likinipita ingenibidi nilale stendi, na fedha niliyopewa na baba ilikuwa ya nauli na chakula cha siku moja tu. Basi nikajitwika tranka langu la bati, nikapenya katikati ya watu kuelekea ubavuni. Nilimkumba mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, kapu lake likaanguka, na mtoto akalia. Wengine waliponiona nimepata nafasi mbele wakanifuata. Mara nikahisi miguuni kwamba sakafu imelala. Si sana, lakini gunia moja liliteleza peke yake, bila kuguswa na mtu, likaja kugota kwenye mguu wangu.

Baharia mmoja alipiga kelele turudi nyuma. Hakuna aliyerudi. Palikuwa na mzee mmoja aliyeketi tangu tulipoondoka, fimbo katikati ya magoti. Akanishika shati akasema, “Mjukuu wangu, keti. Nchi kavu haikimbii.” Niliketi juu ya tranka langu kwa haya, si kwa busara. Chombo kilifungwa salama, tukashuka, na basi nililikuta bado linapakia.

Nilipofika shuleni nilimweleza mwalimu wetu wa Fizikia habari za gunia lile. Hakunijibu kwa maneno. Alituambia tulete karai la maji na bakuli la bati, tukaokote vijiwe ishirini vilivyolingana. Tulielea bakuli katika karai, tukavipanga vijiwe pande zote sawasawa. Bakuli likatulia. Kisha tukavisogeza vyote upande mmoja, bila kuongeza hata kimoja. Bakuli likainama, ukingo wake ukakaribia maji. Tulipoligusa kidogo kwa kidole, vijiwe viliteleza vyenyewe vikazidi kwenda upande ule ule, maji yakaingia, bakuli likazama kwa mara moja.

Angalieni jambo hili vizuri. Uzito haukuongezeka. Vijiwe vilikuwa ishirini mwanzo na ishirini mwisho. Kilichobadilika ni mahali vilipokaa.

Sababu yake ni hii. Chombo kikielea, maji hukisukuma juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kiliyoyaondoa mahali pake. Hiyo ni kanuni ya Archimedes tuijuayo sote. Kikiinama kidogo upande mmoja, upande ule huzama zaidi, nayo maji huusukuma zaidi, ndipo chombo hurudi wima. Lakini nguvu hiyo ya kurudisha ina mpaka. Uzito ukihamia upande mmoja, chombo huinama mpaka kipate kutulia upya kikiwa kimelala. Na uzito ukiwa juu sana, nguvu ya kukirudisha huwa dhaifu. Tulijaribu hilo pia: tulisimamisha chupa ya maji ndani ya bakuli, na bakuli likapinduka kwa mguso mdogo sana. Tena maji yakishaingia ndani, nayo hukimbilia upande ulioinama, yakawa kama abiria wengine wasiosikia amri.

Hebu tupige hesabu. Tukisema mtu mmoja ana kilo 60, watu 150 ni kilo 9,000, yaani tani 9. Abiria hao wakitoka ubavu wa kushoto kwenda ubavu wa kulia, ni kana kwamba lori lenye shehena limehamishwa ndani ya chombo kwa muda wa dakika moja. Hakuna nahodha ambaye angekubali lori liendeshwe hivyo sitahani kabla kamba hazijafungwa. Abiria hulifanya bila kumwomba ruhusa.

Sisi watu wa Ukerewe hatuhitaji karai ili kuyaamini haya. Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018 hatutaisahau. Kivuko cha MV Nyerere kilikuwa kikitoka Bugolora kwenda Bwisya, katika kisiwa cha Ukara. Ilikuwa siku ya gulio, watu walikuwa wakirudi na bidhaa zao. Kivuko kile kiliruhusiwa kuchukua abiria 101, lakini siku hiyo kilichukua wengi kupita kiasi. Kilipokaribia kabisa gati la Bwisya, watu wa nchi kavu wakikiona kwa macho, kilipinduka. Taarifa za wakati ule zilieleza kwamba abiria walikuwa wamesogea upande mmoja wakijiandaa kushuka. Watu zaidi ya 220 walikufa. Aliyekuwa Rais wakati huo, John Magufuli, alitangaza siku nne za maombolezo. Tarehe 22 fundi mmoja wa mitambo alitolewa akiwa hai, baada ya kukaa siku mbili ndani ya chombo kilichopinduka, mahali palipobaki hewa.

Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Nakumbuka kwamba soko la Nansio lilikuwa kimya, na mama aliacha chungu kikaungua jikoni.

Kujaza chombo kupita kiasi ndiyo kosa la kwanza, wala sisemi abiria ndio wa kulaumiwa kwa hilo. Chombo kilichojaa mno hukaa chini majini, kimebakiwa na akiba ndogo ya kuinama. Lakini hicho hicho kilikuwa kimevuka salama maji yote yaliyo kati ya visiwa viwili. Kilichokuwa kimebaki ni kufungwa gatini. Ndiyo maana nasema dakika za mwisho zina hatari yake peke yake.

Wala si kwetu tu. Tarehe 24 Julai 1915, katika mji wa Chicago nchini Marekani, meli iitwayo Eastland ilipinduka ikiwa bado imefungwa gatini mtoni. Ilikuwa na watu zaidi ya 2,500, wafanyakazi na jamaa zao waliokuwa wakienda kustarehe. Walikuwa wakipanda, si kushuka, lakini kanuni ni ile ile: watu wengi, chombo kizito juu, na uzito kuyumba huku na huku. Walikufa watu 844, hatua chache kutoka ukingoni, katika maji yenye kina cha kama mita 6 tu. La ajabu ni kwamba meli hiyo ilikuwa imeongezewa mashua za kuokolea watu, kwa ajili ya mafunzo ya Titanic iliyozama 1912, na mashua hizo ziliizidishia uzito wa juu.

Sasa, kushuka kwenyewe kwafaa kuweje? Nimeuliza mabaharia wawili watatu wa huko kwetu, nao walinieleza hivi. Nahodha hupunguza mwendo mapema. Kamba za mbele na za nyuma hurushwa, zikafungwa katika nguzo za gati, kisha zikakazwa mpaka chombo kisicheze. Ndipo ngazi au mlango huteremshwa. Katika vivuko vya magari, dereva peke yake hubaki garini, abiria wake hushuka kwa miguu. Wagonjwa, wazee na akina mama wenye watoto hutangulia. Mizigo mikubwa husubiri. Kabla ya kamba ya pili kufungwa, kazi ya abiria ni moja tu, nayo ni kuketi mahali alipokuwa.

Katika zile meli kubwa za watalii, ambazo nyingine huonekana Zanzibar na Dar es Salaam, mambo hupangwa tangu usiku wa kuamkia siku ya kushuka. Kila abiria hupewa kibandiko cha rangi, akakifunga katika sanduku lake na kuliweka nje ya mlango wa chumba, nalo huchukuliwa. Asubuhi hula chakula chake, akangoja rangi yake iitwe. Waliojichukulia mizigo wenyewe mara nyingi huruhusiwa kutangulia. Hata huko, nasikia, hawakosekani wazibao ngazi na masanduku yao kabla ya kuitwa. Kumbe haraka si ugonjwa wa Mwanza peke yake.

Sitaki kuwacheka wenye haraka. Mwenye samaki wabichi ana sababu, na mwenye mgonjwa anasubiriwa hospitali ana sababu kubwa zaidi. Mimi nilikuwa na basi. Naona lingesaidia sana kama abiria wangeambiwa mapema, kwa kipaza sauti na kwa lugha nyepesi, chombo kitafungwa upande gani na nani atatangulia. Mtu asiyejua zamu yake ni ipi hujitafutia zamu. Wazazi msomao gazeti hili, tafadhali tupeni nauli ya akiba kidogo tusafiripo, ili mwanafunzi asione kwamba basi likimpita amepotea.

Yule mama wa kapu nilimsaidia kuokota vitu vyake tuliposhuka. Hakunigombeza. Aliniuliza nasoma wapi, nikamwambia Mkiwa, akasema hajapata kufika.

Karai na bakuli bado vimo katika chumba cha maabara, pamoja na vijiwe vyetu ishirini katika mkebe. Anayetaka kujionea aombe ruhusa kwa mwalimu, na aje na maji yake mwenyewe, maana ya maabara mnajua hayatoshi.