ALAMA ZA USULTANI WA KILWA: SOMO LA TAREKHE KWA VIJANA WETU

 

Ukimwuliza mwanafunzi wa Chiungutwa ni dola gani ya kwanza kutawala huku kusini, mara nyingi atajibu: "Wajerumani." Jibu hilo si sahihi. Kabla ya bendera ya Mjerumani kupandishwa pwani yetu, palikuwa na usultani wa Kiislamu Kilwa Kisiwani uliodumu kwa karne nyingi. Katika Suratu Ar-Rum aya ya 9 Mwenyezi Mungu anatuhimiza kutembea katika ardhi na kutazama mwisho wa waliotutangulia. Basi na tutazame, kwani Kilwa si mbali. Ukitoka Masasi unapita Ndanda hadi Mnazi Mmoja, unafuata barabara ya Lindi hadi Nangurukuru, unaingia Kilwa Masoko, na hapo unavuka kwa chombo muda mfupi tu.

Asili ya usultani

Kitabu cha tarekhe ya Kilwa kilichoandikwa karne ya 16 kinaeleza kwamba Ali bin al-Hasan alikuja kutoka Shirazi, nchi ya Uajemi, akakinunua kisiwa kwa mkuu wa wenyeji kwa nguo za kutosha kukizunguka chote. Wataalamu hawayachukui masimulizi hayo yote kama yalivyo. Hata hivyo, uchunguzi wa mifupa ya kale ya watu wa pwani, uliotangazwa mwaka 2023, ulionesha kuwa wengi wao walitokana na mama wa Kiafrika na baba waliotoka Uajemi, na kwamba mchanganyiko huo ulianza karibu na mwaka 1000. Kwa hiyo wale hawakuwa wageni waliopita njia. Ni watu waliozaliwa hapa na mama zao wa hapa.

Alama zinazoonekana

*Kwanza, Msikiti Mkuu.* Umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Sehemu yake ya kaskazini ndiyo kongwe, na baadaye uliongezwa upande wa kusini wenye nguzo, matao na makuba.

*Pili, Husuni Kubwa.* Ni kasri yenye vyumba zaidi ya 100 iliyojengwa juu ya genge la bahari, na ndani yake limo birika la kuogea lenye pembe nane. Inanasibishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa karne ya 14. Utajiri wake ulitokana na dhahabu iliyoletwa kutoka Sofala, ambayo leo imo Msumbiji.

*Tatu, sarafu.* Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao za shaba kwa maandishi ya Kiarabu, upande mmoja jina la sultani na upande wa pili maneno ya kumtukuza Mungu yenye vina sawa na jina hilo. Sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman imepatikana Zimbabwe Kuu, na sarafu tano za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia.

*Nne, barua.* Barua za kale zaidi zinazojulikana za Kiswahili ziliandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu, herufi hizi hizi mnazojifunza hapa chuoni. Zimehifadhiwa Goa, India. Miongoni mwa walioziandika yumo mtawala mwanamke, Fatima binti Muhammad. Mabinti zetu walizingatie hilo.

Msafiri aliyeiona

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Aliwasifu watu wake kwa dini na wema, akasema wanafuata madhhabu ya Imam Shafi. Akaeleza pia kwamba wengi wao walikuwa watu weusi wenye chale usoni. Chale ni jambo ambalo wazee wetu wa Kimakonde na Kimakua wanalijua vizuri.

Sultani aliitwa Abul Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Lakini tusome mpaka mwisho. Ibn Battuta anaeleza kwamba sultani huyo alikuwa akizishambulia nchi za watu weusi na kuchukua ngawira. Na maskini mmoja kutoka Yemen alipopewa zawadi, ndani yake walikuwamo watumwa.

Alama isiyojengwa kwa mawe

Hapa ndipo somo linapotugusa sisi wa bara. Mwaka 1505 Wareno chini ya Francisco d'Almeida waliivamia Kilwa, wakaipora na kujenga ngome. Waliondoka mwaka 1512, lakini mji haukurudi katika nguvu zake za zamani. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa alifanya mapatano na Mfaransa aitwaye Morice ya kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka. Watu hao walitolewa bara, katika nchi za kusini kama hizi zetu. Mwaka 1876 Askofu Steere alipoanzisha misheni Masasi, alikuja na watu waliokombolewa utumwani Unguja.

Kwa hiyo, kijana, usijivunie makuba ya Kilwa ukamdharau jirani ambaye babu yake aliuzwa. Wala usikubali anayesema kwamba Uislamu wa huku ni kazi ya wafanyabiashara wa watumwa tu. Dini ilienea sana bara mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, ikibebwa na walimu na masheikh wa tarika, wengi wao wakiwa Waafrika wenyewe. Hata Machemba, mkuu wa Wayao aliyekaa Luagala katika uwanda wetu wa Makonde, alipoitwa na Wajerumani aende pwani mwaka 1890, alimjibu Wissmann kwa barua ya Kiswahili akikataa kutii. Mwaka 1899 alizidiwa, akavuka Ruvuma.

Haki ni kuyasema yote mawili. Waislamu wale walijenga, na baadhi yao walidhulumu. Dhulma haiwi halali kwa sababu aliyeifanya anaswali.

Wajibu wetu

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya yaliyo hatarini kwa kubomoka na kuliwa na bahari, na baada ya matengenezo yakaondolewa humo mwaka 2014. Lakini masimulizi ya wazee hayana mafundi wa kuyatengeneza. Mzee akifariki, yamekwenda naye.

Maswali ya kujipima

1. Taja alama nne za usultani wa Kilwa.
2. Kwa nini barua za mwaka 1711 ni muhimu kwa mwanafunzi wa madrasa?
3. Eleza jambo moja la kusifiwa na moja la kulaumiwa katika usultani huo.
4. Mwulize babu au bibi: ukoo wetu ulitoka wapi, na nani wa kwanza kusilimu? Andika jibu lake, ulilete darasani.