Somo la Hisabati: Kulitambua na Kulikokotoa Swali la Binomia



Ndugu mwanafunzi, wengi wenu mnaokuja madrasa jioni, asubuhi mko sekondari, na walio kidato cha tano na cha sita wamekwisha kukutana na mada ya uwezekano. Lalamiko lao ni lile lile kila mwaka: kanuni wanaikumbuka, ila hawajui ni swali gani linaihitaji. Leo, inshaallah, tutaanza na kulitambua swali, kisha ndipo tulikokotoe. Mfano wetu mkubwa utakuwa ugonjwa wa selimundu, ambao wengi tunauita sikoseli. Wazazi nanyi someni, maana hesabu yenyewe ni ya kuzidisha na kujumlisha tu.

Sikoseli ni ugonjwa wa damu wa kurithi. Kwa upande huu wa damu kila mtu hupokea vinasaba viwili, kimoja kwa baba na kimoja kwa mama. Aliyepokea kimoja kizima na kimoja chenye kasoro huitwa mbebaji. Kwa kawaida haumwi, na anaweza kuzeeka bila kujua. Aliyepokea viwili vyenye kasoro ndiye mgonjwa. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina njia nne zilizo sawa: kizima na kizima, kizima na kasoro, kasoro na kizima, kasoro na kasoro. Njia moja tu kati ya nne ndiyo ugonjwa, kwa hiyo uwezekano wa mtoto kuugua ni 1/4.

Mtu wa Mbeya au Iringa anaweza kusema huo ni ugonjwa wa pwani na wa Kanda ya Ziwa. Kuna ukweli kidogo. Mwaka 1954 Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alionesha kwamba wabebaji wana kinga fulani dhidi ya malaria, ndiyo maana kinasaba hiki kimeenea zaidi penye mbu wengi. Huku kwetu kwenye baridi ni kichache zaidi. Lakini Kyela iko bondeni kando ya Ziwa Nyasa, kuna joto na malaria, nayo ni mkoa huu huu wa Mbeya. Tena watu wanahama na kuoana kutoka kila pembe ya nchi. Inakadiriwa kuwa Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka.

Sasa tusikilize yanayosemwa majumbani. Wazazi huambiwa hospitalini "mmoja kati ya wanne", nao huelewa kwamba wakishapata mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata ni salama. Wengine wana watoto watatu wazima, wakaogopa kwamba wa nne ndiye "zamu yake". Yote mawili si sahihi. Watoto hawapokezani zamu. Kila mimba huanza upya na 1/4 yake, haina habari na kaka wala dada aliyetangulia.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo roho ya binomia. Ili swali liwe la binomia, angalia mambo manne. Kwanza, idadi ya majaribio iwe imejulikana kabla ya kuanza; tunaiita n. Pili, kila jaribio liwe na matokeo mawili tu: anaumwa au haumwi, imeota au haikuota. Tatu, uwezekano wa tokeo tunalolihesabu, yaani p, usibadilike kutoka jaribio moja hadi jingine. Nne, jaribio moja lisiliathiri jingine. Likikosekana hata moja, weka kanuni kando.

Tuchukue wazazi wabebaji wenye watoto wanne. n = 4, p = 1/4, na uwezekano wa mtoto kutougua ni q = 3/4. Wote wanne kuwa wazima ni 3/4 × 3/4 × 3/4 × 3/4 = 81/256, karibu asilimia 32.

Mmoja tu kuumwa? Hapa wengi hukosea. Huandika 1/4 × 3/4 × 3/4 × 3/4 = 27/256 wakaishia hapo. Hiyo ni hesabu ya mtoto wa kwanza kuwa mgonjwa na wengine wazima. Lakini mgonjwa anaweza kuwa wa pili, wa tatu au wa nne, kwa hiyo njia ni nne: 4 × 27/256 = 108/256, karibu asilimia 42. Wawili kuumwa kuna njia sita (wa kwanza na wa pili, wa kwanza na wa tatu, endelea mwenyewe): 6 × 9/256 = 54/256, karibu asilimia 21. Watatu ni 4 × 3/256 = 12/256, na wote wanne ni 1/256. Jumlisha vyote: 81 + 108 + 54 + 12 + 1 = 256. Jumla isipotimia, rudi ukatafute kosa.

Ona basi: "mmoja kamili kati ya wanne" haifiki hata nusu ya familia kama hizo. Karibu theluthi moja hawapati mgonjwa yeyote, na zaidi ya robo wanapata wawili au zaidi. Mama aliyezaa wagonjwa wawili hana nuksi wala hakurogwa, na kinasaba cha baba kimo katika kila mgonjwa sawasawa na cha mama. Inasikitisha kwamba ndoa huvunjwa kwa jambo ambalo hesabu ya ukurasa mmoja ingelieleza.

Kwa ujumla tunaandika P(x) = C(n, x) × pˣ × qⁿ⁻ˣ, ambapo C(n, x) ni idadi ya njia. Namba 1, 4, 6, 4, 1 tulizozitumia ni mstari wa pembetatu ambayo vitabu vya shule huiita ya Pascal, Mfaransa wa karne ya 17. Al-Karaji wa Baghdad alikuwa ameshaieleza karne ya 11, na as-Samaw'al akaihifadhi katika kitabu chake karne ya 12. Kila namba ni jumla ya mbili zilizo juu yake.

Sasa mitego. Kikapu kina maparachichi 10 ya Rungwe, matatu yameoza. Unachukua mawili bila kurudisha. Uwezekano wa yote mawili kuwa mabovu ni 3/10 × 2/9 = 1/15. Si binomia, maana p imebadilika baada ya la kwanza. Mvua ya Tukuyu kwa siku saba nayo si binomia, kwa kuwa siku ya mvua huifuata siku ya mvua. Mapacha wa kufanana, waliotoka yai moja, ni jaribio moja na si mawili.

Mkulima wa Mbozi anapanda mbegu mbili za mahindi kila shimo, kila mbegu ikiwa na uwezekano wa 0.9 wa kuota. Ukiona neno "angalau", anza na kinyume chake: zote mbili kutoota ni 0.1 × 0.1 = 0.01, basi angalau moja kuota ni 0.99. Ila shimo likituama maji, zote mbili huoza pamoja, na sharti la nne limeanguka.

Zoezi. (1) Mama ana sikoseli, baba ni mbebaji, wana watoto watatu. Tafuta uwezekano wa angalau mmoja kuumwa. (2) Mwanafunzi anabahatisha maswali 5, kila moja lina majibu manne. Tafuta uwezekano wa kupata mawili kamili. (3) Wazazi wabebaji wanasema watazaa mpaka wapate mtoto mgonjwa au wafikishe watano. Je, idadi ya watoto wazima watakaowapata ni binomia?

Majibu: (1) Hapa p = 1/2, kwa hiyo 1 − 1/8 = 7/8. (2) 10 × 27/1024 = 270/1024, karibu asilimia 26. (3) Hapana, n haikujulikana kabla ya kuanza.