Kwa Nini Pikipiki Huvuta Upande Mmoja?

Alfajiri, wachuuzi wa samaki hukusanyika Kunduchi Pwani kungojea ngalawa na mashua zirudi kutoka baharini. Matenga yakijaa, waendesha bodaboda huyapakia na kushika barabara ya Bagamoyo, wengine kuelekea Tegeta, wengine Mwenge. Fikiri kwamba mmoja wao aona pikipiki yake huvuta kushoto. Akilegeza mikono kidogo tu, inaelekea ukingoni, wapitapo waenda kwa miguu na wanafunzi wenzako. Kosa liko wapi? Fundi mwenye haraka huanza kufungua nati. Sisi tutaanza kwa kuuliza.

Itazame barabara kwanza. Barabara ya lami iliyonyooka haijengwi bapa kama meza. Huinamishwa kidogo kuelekea ukingoni ili maji ya mvua yatiririke mtaroni. Kwa kuwa katika Tanzania vyombo hupita kushoto, mteremko huo huvuta pikipiki kushoto.

Sasa fikiri juu ya upepo utokao baharini. Aendaye Tegeta ana bahari mkono wa kulia, kwa hiyo upepo humsukuma kushoto. Hizi ni sababu mbili, lakini tokeo ni moja! Utazitofautishaje?

Mwendeshaji na ageuze, arudi kuelekea Mwenge. Bahari sasa iko kushoto kwake, na upepo humsukuma kulia. Mteremko, hata hivyo, bado humvuta kushoto, kwa sababu amehamia upande wa pili wa barabara, nao huinama kuelekea ukingo wake. Basi, mvuto ukibadili upande wakati wa kurudi, sababu ni upepo. Usipobadilika, huenda ni mteremko, au mzigo, au pikipiki yenyewe.

Ili kuutoa mteremko katika hesabu, pikipiki hupelekwa kwenye uwanja tambarare usio na watu, siku yenye utulivu. Huendeshwa polepole, kwenda na kurudi juu ya mstari uleule. Hata uwanja ukiwa umeinama kidogo, mvuto wa mwinamo utabadili upande wakati wa kurudi. Kasoro ya pikipiki haibadiliki. Mwendeshaji asiachie usukani. Viganja vyake vitahisi mvuto. Kisha mzigo hushushwa, na jaribio hurudiwa. Ubebapo ndoo ya maji kwa mkono mmoja, mwili wako huinama upande wa pili. Tenga lililofungwa upande mmoja huidai pikipiki vivyo hivyo.

Ikiwa bado inavuta, sasa tazama magurudumu.

JARIBIO LA 1
Chukua bilauri yenye mdomo mpana kuliko kitako. Ilaze mezani, uisukume kidogo. Je, ilikwenda moja kwa moja?

Bilauri huzunguka kuelekea upande mwembamba. Tairi lililolika upande mmoja zaidi limeanza kufanana na bilauri hiyo, nalo huelekea upande uliolika.

JARIBIO LA 2
Unahitaji baiskeli, mwenzako wa kuishika wima, na mshipi mrefu wa kuvulia samaki. Zungusha mshipi nyuma ya tairi la nyuma, sentimita 10 hivi kutoka ardhini. Vuta ncha zake mbili hadi mbele ya tairi la mbele, moja kila upande, huku zikigusa tairi la nyuma mbele na nyuma. Nyosha usukani. Pima nafasi iliyopo kati ya mshipi na tairi la mbele, kushoto na kulia.

Nafasi hizo zikiwa sawa, magurudumu yamefuatana. Zisipokuwa sawa, gurudumu moja limekwenda upande. Katika pikipiki, mara nyingi jambo hili hutokea baada ya kukaza mnyororo. Ekseli ya nyuma huvutwa kwa parafujo mbili, moja kila upande. Fundi akizungusha moja kuliko nyingine, gurudumu hukaa mshazari, na pikipiki hutembea kama kaa: uso huku, mwendo kule. Kuna alama za kuhesabia kando ya ekseli, lakini mimi huuamini mshipi zaidi, maana alama zaweza kuwa zimepigwa vibaya.

Pikipiki iliyowahi kuanguka yaweza kuwa na uma wa mbele uliopinda. Kasoro hiyo haiponi kwa kukaza nati. Tena, usichanganye kuvuta na kuyumba: beringi za usukani zikikazwa mno, pikipiki huyumba huku na huku, haichagui upande.

MASWALI
1. Pikipiki yavuta kushoto iendapo Tegeta, na kulia irudipo. Sababu ni nini?
2. Kwa nini jaribio la uwanjani hufanywa kwenda na kurudi?
3. Tairi la nyuma la pikipiki nyingi ni pana kuliko la mbele. Je, mshipi utaligusa tairi la mbele? Chora picha kuonyesha jibu lako.
4. Pikipiki yavuta kulia ikiwa na tenga, na haivuti ikiwa tupu. Utamwambia mwendeshaji afanye nini?