Kikuza sauti cha awali kwa mfuko wa mwanafunzi



Mtume (s.a.w.) alipougua akasalisha hali amekaa, Abu Bakr (r.a.) aliwasikilizisha watu takbira zake. Alifikisha tu, hakuongeza lake. Kikuza sauti cha awali ni muballigh wa namna hiyo: hupokea milivolti chache za maikrofoni na kuzifikisha kwenye rekoda.

Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, si mhandisi. Nilirekodi tilawa yangu hapa Masoro nimtumie mwalimu wangu wa tajwidi aliye mbali. Akaniuliza: "Hapa umesoma tha au sin?" Nilikuwa nimesoma sin. Kosa lilikuwa la chipu.

Nilitumia LM358 kwa kuwa ni rahisi. Lakini ukiitaka ikuze mara 100, huanza kupoteza masafa ya juu karibu na kilohezi 10, pengine chini ya hapo, na huko ndiko ziliko nguvu za herufi za swafiir: swad, zay na sin. Juu yake huongeza kelele yake ya "shii", na kelele iliyoingia hatua ya kwanza haitoki tena. Ukipandisha sauti kwenye kompyuta, nayo inapanda. NE5532 inakaa palepale kwa miguu ileile 8, na kelele yake ni ndogo mara kadhaa. Inakula betri zaidi, takriban miliampia 8. Hilo nimelivumilia.

Sakiti ni hii. Betri ya volti 9: chanya mguu wa 8, hasi mguu wa 4. Rezista ya kilo-omu 10 kutoka chanya hulisha kapsuli ya elektreti (hata ya hedifoni mbovu). Kutoka kwenye kapsuli, kapasita ya maikrofaradi 1 hupeleka sauti mguu wa 3, ambao rezista mbili za kilo-omu 100, moja kutoka chanya na moja kutoka hasi, huuweka kwenye volti 4.5. Kilo-omu 100 nyingine hutoka mguu wa 1 kurudi wa 2. Kutoka mguu wa 2 weka kilo-omu 1, kisha kapasita ya maikrofaradi 10 hadi hasi. Ukuzaji: 1 + 100/1 = 101. Ukiisahau kapasita hiyo, zile volti 4.5 nazo zitakuzwa na chipu itakwama. Mimi niliisahau, nikapoteza jioni nzima. Nusu ya pili ya chipu usiiache ikielea: unganisha 6 na 7, na 5 na 1. Sauti itoke mguu wa 1 kupitia maikrofaradi 10 nyingine.

Kabla ya kuongeza ukuzaji, sogea. Kutoka sentimita 20 hadi 10, volti za sauti yako huwa karibu maradufu, na kelele ya chipu inabaki ileile.